Kompyuta ya Mzee Mnara

Siku Mzee Mnara alipotangaza kwamba anataka kompyuta ya kuchezea gemu, binti yake alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akimfunga kamba za viatu. Aliinua kichwa ghafla akajigonga.

"Kompyuta ya nini, baba?"

"Ya gemu. La kurusha ndege. Na usiniangalie hivyo. Kiharusi kilinishika mguu na mkono, hakikunishika akili."

Mzee alikuwa na miaka sabini na mitatu. Ujanani alikuwa mwongoza ndege katika uwanja mdogo uliokaa chini ya milima. Alishinda juu ya mnara wa vioo, redio mbele yake na darubini shingoni, akiwaambia marubani ni lini wapae na ni lini washuke. Marubani walimwita Mnara kwa sababu ndivyo wanavyoita redioni, na jina likamganda hadi mtaani, hadi msibani, hadi kwenye daftari la zahanati. Lakini ile kazi ya mnara aliifanya miaka kumi na minne tu. Miaka iliyobaki mpaka kustaafu aliimalizia ghalani, nyuma ya kaunta, akigawa karatasi, wino na balbu. Kwa nini alishushwa, hakusema, na nyumbani walijifunza mapema kutouliza. Jambo moja kila mtu alilijua: mtu huyu aliyeshusha ndege maelfu hakuwahi kurusha hata moja.

Binti yake alikuwa fundi wa lifti. Umri wake arobaini na sita, mabega mapana, kucha zenye grisi isiyotoka hata asugue vipi. Aliwahi kuolewa, ndoa ikaisha bila kelele, akarudi kuishi na baba baada ya mama kufariki. Kazi yake ilimfundisha imani moja tu: kitu kilichofungwa kiwandani, kikakaguliwa, kikapigwa muhuri, hicho ndicho cha kupanda. Lifti za kuungaunga alizifahamu. Moja nusura ibaki na mkono wake.

Kwa hiyo Jumamosi ile alimsukuma baba kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka duka kubwa la vifaa vya umeme. Ndani kulikuwa na baridi ya viyoyozi na sakafu inayong'aa hata mzee akajiona miguuni mwake. Muuzaji, kijana mwenye tai nyembamba na maneno mengi, aliwapeleka moja kwa moja kwenye kompyuta nyeusi yenye taa za bluu.

"Hii, mzee wangu, ni kuchomeka na kucheza. Waranti miaka miwili. Ikikohoa tu, mnapiga simu, tunakuja."

"Umesikia, baba?" binti alisema. "Waranti miaka miwili."

"Niweke kwenye usukani," mzee alijibu.

Muuzaji alifungua lile gemu la ndege. Mzee akashika usukani kwa mkono wake mzima, akakaza macho kwenye kioo. Aliomba eneo fulani la milima, nalo lilikuwepo, kwa maana gemu lile lilichorwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani na lilikuwa na dunia nzima. Kisha akasema, "Sasa niwekee ukungu."

"Ukungu, mzee? Watu wengi hupenda jua, wanaona mandhari."

"Mimi sitaki mandhari. Weka ukungu mzito."

Ukungu ukaja. Ulikuwa mweupe bapa, kama shuka iliyoanikwa mbele ya dirisha. Mzee akapeleka ndege taratibu, na hapo ndipo binti alipoona jambo: milima ilikuwa ikichelewa. Mbele palikuwa patupu kabisa, halafu kufumba na kufumbua mlima mzima umesimama pale, karibu, mweusi, kana kwamba ulikuwa umejibanza ukingojea. Ndege ikaingia tumboni mwa mlima na kioo kikawa chekundu.

Mzee hakushtuka. Alitoa mkono kwenye usukani akaupangusa kwenye suruali.

"Kwa nini mlima umechelewa?"

Muuzaji alijikuna. Alieleza kwamba kadi ya picha ya mashine ile ni ya kawaida, inachora vitu vya karibu kwanza, vya mbali baadaye. Binti akauliza kama inaweza kubadilishwa kadi.

"Kasha hili halifunguliwi, dada. Ukifungua, muhuri unakatika, na waranti inakufa hapohapo."

"Basi tunashukuru," mzee alisema. "Twende zetu, mama. Kwenye ukungu, mlima ukichelewa sekunde mbili, umeshaugonga."

Njiani kurudi binti alisukuma kiti kwa haraka. Binti alikuwa amekasirika kidogo, maana ile waranti alishaipenda. Lakini kilichomkera zaidi ni namna baba alivyosema sentensi ile ya mwisho. Hakuisema kama mtu anayelalamikia gemu.

*

Katika mtaa wa nyuma ya soko la nguo alikuwepo mama mmoja aliyeitwa Bi Nati. Miaka ishirini alitengeneza vyerehani, vyerehani vilipopungua akahamia kompyuta, akisema tofauti yake ni kwamba hizi hazichomi kidole. Kibanda chake kilijaa visanduku vya skrubu, kila kimoja na maandishi ya kalamu ya wino. Binti alimwendea peke yake, bado akitafuta mtu wa kumwambia kwamba wazo la baba, la kujenga kompyuta yao wenyewe, ni upuuzi.

"Kujenga si upuuzi," Bi Nati alisema bila kuinua macho. "Ila kuna gharama ya kichwa. Ukinunua dukani, ikiharibika ni kosa lao. Ukijenga, ikiharibika ni kosa lako. Watu wengi wanalipia hicho tu, kutokuwa na kosa."

"Mimi natengeneza lifti, Bi Nati. Najua habari za kosa."

"Basi unafaa. Baba anataka ifanye nini hasa?"

"Ichore ukungu."

Hapo Bi Nati aliinua macho. Alivua miwani akaifuta, akamtazama binti vizuri. "Ukungu ni kazi nzito kuliko moto, kuliko maji. Kila punje inabidi ihesabiwe. Mwambie mzee amechagua kitu kigumu kuliko vyote."

Binti alipomfikishia ujumbe, mzee alitabasamu kwa upande ule wa uso uliokuwa bado unatabasamu.

"Ananielewa huyo. Muite."

Walijenga wiki mbili, sebuleni, kwenye meza ya chakula iliyotandikwa magazeti. Bi Nati alikuja kila Jumamosi na Jumapili mchana, na siku za kazi binti aliendelea peke yake akirudi kutoka kazini. Alianza kwa kununa. Siku ya tatu alijikuta anapiga mluzi. Bodi kuu ilikaa kwenye kasha kama iliyozaliwa humo. Prosesa, ubongo wa mashine, ilishuka kwenye tundu lake bila kusukumwa. Nyaya alizipitisha nyuma, akazifunga kwa vibano kama anavyofunga nyaya za lifti, kila moja na njia yake, na Bi Nati akasema kwamba katika maisha yake hajaona kasha safi hivyo, ni hasara kulifunika. Kadi ya picha ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto, yenye feni tatu. Mzee aliishika mapajani mwake kwa saa nzima kabla ya kuruhusu iwekwe.

Wakawasha kwa mara ya kwanza. Feni zilizunguka, zikatulia, zikawa na mvumo mmoja wa chini, unaosikika zaidi kifuani kuliko masikioni. Bi Nati akaweka gemu. Mzee akaomba milima yake, akaomba ukungu.

Safari hii ukungu haukuwa shuka. Ulikuwa na kina. Ulijikunja, ukapita kando ya kioo kwa vipande, ukafunguka kidogo ukaonyesha jabali lenye unyevunyevu, ukafunga tena. Binti alijikuta amejikunyata, ngozi ya mikono imemsisimka. Alienda kufunga dirisha, akakuta limefungwa.

"Ndio huu," Mzee Mnara alisema polepole. "Ndio wenyewe."

*

Tangu hapo mzee aliruka kila siku saa kumi alasiri. Si saa tisa, si saa kumi na moja. Jirani aliyekuwa akija kumpa dawa alilalamika kwamba saa kumi hamsikii mtu, hata simu ikilia. Njia ilikuwa moja: kutoka uwanja wa upande wa pili wa milima, juu ya misitu, kuvuka kigongo cha kwanza, kushuka kwenye uwanja wake wa zamani. Ukungu uleule. Upepo uleule, ameuandika kwenye kijikaratasi na kukibandika pembeni ya kioo.

Binti alirudi kutoka kazini saa kumi na moja kasoro, na mara nyingi alimkuta bado angani. Aliposimama koridoni akivua buti, alimsikia baba akizungumza. Sauti hakuijua. Ilikuwa sauti ya ujana, kavu, ya mtu mwenye mamlaka.

"Upepo mashariki, kasi mafundo nane. Endelea."

Kimya.

"Nimepata. Endelea hivyohivyo."

Kimya kingine. Kilichomfanya binti asimame na buti moja mkononi ni vile vimya. Havikuwa vya mtu anayejisemesha. Mtu akijisemesha huwahi kujijibu. Baba yake alingoja kwa urefu uleule ambao mtu mwingine angehitaji kumaliza sentensi.

"Unaongea na nani, baba?"

"Na kazi," mzee alijibu, na sauti yake ikarudi kuwa ya mzee.

Jumatano moja binti alikuwa likizo. Saa kumi na robo jirani alimsukuma mzee kwenda kuoga, na mzee akaacha ndege ikijiendesha yenyewe, imo ndani ya ukungu. "Angalia hizo hedifoni," alimwambia binti akitoka. "Sikio la kushoto linakatakata."

Binti akazivaa. Alisikia injini, upepo, mtikisiko wa mabawa. Alibonyeza waya wa kushoto, akauzungusha. Sauti ya upepo ikakata, ikarudi, ikakata. Na katika ule ukimya uliobaki sikioni, mwanamume mmoja akasema, karibu kabisa, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini amefarijika:

"Mnara, nakuona."

Alizivua akazitupa mezani. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi, alifanya kile fundi anachofanya akiogopa. Alikagua. Waya wa mtandao haukuwa umechomekwa, ulikuwa umeviringishwa kabatini tangu siku Bi Nati alipomaliza kuweka gemu. Sauti za waongozaji ndani ya gemu zilikuwa zimezimwa, na hata zingewashwa, zote zilikuwa za lugha ya kigeni. Hedifoni zilikuwa mpya, kutoka kwenye boksi. Maikrofoni haikurekodi chochote. Alipiga simu kwa Bi Nati, naye akaja na kibegi chake, akafungua kila kitu, akasikiliza nusu saa nzima.

"Hakuna kitu humu, mwanangu," Bi Nati alisema, akikaza skrubu ya mwisho. Aliikaza kwa haraka kuliko kawaida yake. "Waya wa kushoto umelegea, basi. Nitakuletea mwingine."

Hakukaa kunywa chai.

Jioni ile binti aliketi mbele ya baba. Alifikiria kuzungukazunguka, akaona haina maana.

"Baba, nani aliwahi kukuambia 'Mnara, nakuona'?"

Mzee alikuwa ameshika kikombe. Kikombe kikamgonga meno. "Nani kakuambia maneno hayo? Mama yako?"

"Mama hakuwahi kuniambia kitu. Nimeyasikia leo. Kwenye hedifoni."

Mzee aliweka kikombe chini. Alitazama ile mashine, imezimwa, feni zimetulia. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, akasimulia.

*

Kulikuwa na rubani mmoja ambaye ndege yake ndogo ilikuwa na namba zilizoishia na sita na nane, nao wakamwita Sita-Nane. Alikuwa mtu wa mzaha, akishuka hutuma salamu kwa kila aliye mnarani, mpaka anayefagia. Alasiri moja alitoka upande wa pili wa milima akiwa na abiria mmoja, daktari wa mifugo, mwanamke. Walipopaa kulikuwa na jua. Ukungu ukaja ghafla, mzito, hata taa za uwanja zikawashwa mchana. Mzee akamwita redioni, akamwita tena, hakujibiwa. Saa kumi na robo ndipo sauti ikaja, mara moja tu.

"Akasema, 'Mnara, nakuona.' Nami nikamwambia, 'Karibu chini, Sita-Nane.' Nikashika darubini. Mbele yangu palikuwa peupe tu. Nikangoja dakika moja. Nikangoja kumi. Hakuna aliyekuja."

Walitafuta wiki tatu upande wa uwanja, kwa kuwa Mnara aliapa kwamba rubani alikuwa ameuona uwanja, kwa hiyo hawezi kuwa mbali. Hawakupata hata kipande. Kisha wakafungua utepe uliokuwa ukirekodi mazungumzo yote ya mnara. Sauti ya Mnara ilikuwepo: akiita, akiita, halafu akisema "Karibu chini, Sita-Nane." Ya rubani haikuwepo. Utepe ulikuwa mtupu pale.

"Mwenzangu aliyekuwa chumbani naye hakusikia. Wakaniuliza, ulimkaribisha nani? Nikasema mashine ni mbovu. Wakaipima, ikawa nzima. Ndipo wakanipeleka ghalani."

Mjini watu walikuwa na jibu lao: rubani alitorosha ndege na yule daktari, wakavuka mpaka, wanakula maisha. Mke wa rubani aliishi na jibu hilo. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Ninachotafuta ni hiki tu," mzee alisema. "Alikuwa akiona nini?"

Binti hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa na swali. Alilipeleka kazini, akapanda nalo, akashuka nalo. Kama rubani aliona kitu akadhani ni uwanja, basi kitu hicho kilifanana na uwanja. Uwanja katika ukungu ni nini? Ni taa tu, zimepangwa.

"Baba, siku zile, ni wapi tena kulikuwa na taa?"

Mzee alifumba macho.

"Machimbo ya kokoto," alisema. "Bonde la pili. Yalifungwa zamani. Walikuwa na barabara ndefu ya magari, imenyooka, nguzo za taa huku na huku. Ukungu ukija, na wao waliwasha."

Kwenye gemu hapakuwa na taa huko, ni pori tupu, kwa sababu picha za angani zilipigwa machimbo yakiwa yameshazikwa na miti. Lakini Bi Nati alisema gemu lile linaruhusu mtu kuongeza vitu vyake, mradi mashine iwe na nguvu ya kubeba, na hii ilikuwa na nguvu za kubakiza. Mzee alitoa ramani ya zamani, yenye mikunjo iliyokatika, na kwa siku nne walipanda nguzo za taa moja moja, yeye akielekeza kwa kidole, binti akibofya. Ishirini na mbili kila upande.

Siku ya tano, saa kumi, mzee alipaa. Binti aliketi kulia kwake, Bi Nati akasimama mlangoni na kibegi chake mkononi, kama mtu aliye tayari kuondoka. Ndege ilivuka misitu, ikaingia ukunguni. Kijikaratasi cha upepo kilitikisika kwa feni ya kasha. Upepo wa mashariki uliisukuma ndege pembeni kidogo kidogo, mzee akaiacha isukumwe, kama ambavyo rubani asiyeona chini angesukumwa bila kujua. Kigongo cha kwanza kilipita chini, kivuli tu. Mzee akageuza, akapunguza mwendo.

Ukungu ukafunguka. Mbele, chini, zilitokea safu mbili za taa, ndefu, zimenyooka, za rangi ya manjano, tulivu kabisa. Ilikuwa njia ya kurukia ndege. Hakuna mtu angesema ni kitu kingine.

Na Mzee Mnara, mkono kwenye usukani, akasema kwa sauti iliyojaa faraja, "Mnara, nakuona."

Hakujua amesema. Walipomwambia baadaye alikataa. Lakini binti aliyasikia, na Bi Nati aliyasikia, na kibegi kikamponyoka. Mzee aliendelea kushuka kuelekea taa zile. Zilikuwa karibu, karibu zaidi, na ghafla nyuma ya taa hizo, ambako kwenye uwanja wa kweli kungekuwa na anga, kulisimama ukuta wa jiwe uliochongwa na baruti. Safari hii mlima haukuchelewa. Ulikuwepo wakati wote. Kwenye ukungu haukuonekana tu.

*

Binti aliandika barua kwa ofisi ya uchunguzi wa ajali za ndege, akaambatisha picha za kioo cha kompyuta na ramani. Hakutarajia jibu, ila afisa mmoja wa uchunguzi, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alipiga simu akauliza maswali mengi ya maana. Miezi miwili baadaye walinzi wa msitu waliteremka kwa kamba kwenye korongo nyuma ya machimbo ya zamani. Mimea ilikuwa imefunika kila kitu. Walianza kuona chuma pale mmoja wao alipoteleza na kushika kitu akidhani ni tawi, kumbe ni ncha ya bawa.

Wote wawili walikuwa ndani, mikanda imefungwa. Hakuna aliyetoroka na yeyote.

Mke wa rubani alikuja nyumbani kwao wiki ya mazishi. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele zote nyeupe, aliyevaa gauni la bluu badala ya jeusi. Alipiga hodi, akamsalimu mzee, akakaa kitako bila kukaribishwa mara ya pili.

"Nimekaa miaka thelathini na moja nikimtukana mume wangu kimoyomoyo," alisema. "Kila nikiosha vyombo. Sasa sijui niweke wapi hayo matusi."

"Nirushie mimi," Mzee Mnara alisema. "Nilimkaribisha chini."

Mama yule alicheka, kisha akalia, kisha akaomba aonyeshwe safari ile. Binti alisita, lakini mzee alishawasha mashine. Aliweka hali ya hewa safi, akamrusha mama yule juu ya misitu, juu ya kigongo, mpaka kwenye uwanja wa kweli, akatua pole kama anayemlaza mtoto. Mke wa rubani alishika ukingo wa meza muda wote. Ndege iliposimama, alisema tu, "Kumbe walikuwa wamebakiza hapo tu," na akaondoka akiwa ameunyoosha mgongo.

Ofisi nayo ilimwandikia mzee kumwomba radhi kwa mambo ya ghalani. Barua aliipachika ukutani kwa pini, chini ya kalenda. Alinenepa kidogo. Aliacha kuruka saa kumi, akawa anaruka wakati wowote anapojisikia, juu ya majangwa, juu ya visiwa, juu ya miji asiyoyajua majina yake.

Barua ya pili ilikuja kwa binti, kazini kwake. Ilitoka kwa yule afisa mwenye sauti ya taratibu, nayo ilikuwa ukurasa mmoja. Aliisoma akiwa amekaa juu ya paa la lifti, katikati ya ghorofa ya saba na ya nane, tochi kichwani. Afisa alisema uchunguzi umekamilika, na kuna jambo moja anadhani familia ingependa kulijua. Kwenye dashibodi ya ndege, mahali pa redio, walikuta tundu limezibwa kwa kipande cha ubao. Ndani ya daftari la ndege mlikuwa na karatasi ya fundi, tarehe ya siku ileile, asubuhi: redio imetolewa kwa matengenezo. Rubani aliamua kuruka bila redio kwa sababu safari ilikuwa fupi na kulikuwa na jua. Fundi aliyeitoa hakuwahi kusema, na sasa ni marehemu. Kwa hiyo, aliandika afisa, utepe wa mnara ulikuwa sahihi. Hapakuwa na chombo chochote ndani ya ndege ile ambacho kingeweza kufikisha sauti kwa mtu.

Binti alizima tochi, akakaa gizani kidogo juu ya lifti, akisikiliza nyaya za chuma zikijinyoosha. Alifikiria sentensi moja ambayo baba yake aliibeba miaka yote hiyo, kwamba alimsikia mtu. Alifikiria sikio lake mwenyewe, la kushoto.

Hajamsomea baba. Barua imo kwenye mkoba wake wa zana, chini ya bisibisi, na kila jioni akirudi huapa kwamba leo atamwambia. Jana alifungua mlango akiwa ameshaitoa, imo mkononi. Baba yake alikuwa mbele ya kioo, mgongo umemwelekea, uso umejaa mwanga wa bahari fulani ya mbali.

"Mama, ni wewe?" aliita bila kugeuka. "Njoo uone. Kuna jua tele huku."

Akaikunja barua, akavuta kiti, akakaa karibu naye.